Swichi Tatu za Winchi, Jina Moja

Mvua zikishashika kwenye barabara za Kasenga na Pweto, gari yenye winchi ya umeme mbele inaweza kujitoa yenyewe matopeni. Isiyo nayo italala huko ikingojea watu wa kuisukuma. Fundi wa Kamalondo anayefunga winchi hiyo huenda akafanya kazi kwa lugha tatu: karatasi ya maelekezo ni ya Kiingereza, majina ya vipande anayajua kwa Kifaransa, na msaidizi wake anamwelekeza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Kitivoni tumezoea kuliita jambo hili uchanganyaji wa lugha. Hapa nalitazama kwa upande wa moto, maana waya uliofungwa vibaya huwaka.

Neno la kwanza lenye taabu ni swichi. Kiswahili bora hulitumia kwa chochote kinachowasha na kuzima. Kwenye winchi viko vitu vitatu vya namna hiyo, na kazi zao hazifanani hata kidogo.

Tuanze na kipimo. Winchi ya kuvuta kilo 4,000 hivi, kwa betri ya volti 12, inaweza kula ampea 400 ikivuta kwa nguvu zake zote. Taa kubwa moja ya gari hula ampea 5 hivi. Umeme mwingi namna hiyo haupiti kwenye kifungo cha kidole. Kifungo cha ndani ya gari kinatuma umeme mdogo tu kwenda kwenye rele, na rele ndiyo inayofunga njia ya umeme mkubwa kutoka betri hadi mota. Kwa hiyo swichi ya kwanza inaamuru, ya pili inabeba. Waya za kifungo zinaweza kuwa nyembamba na kulindwa na fyuzi ndogo. Umeme wake uchukuliwe mahali panapokufa ufunguo ukitolewa, ili mtoto anayecheza garini asiweze kuiamsha winchi. Kifungo chenyewe kiwe cha kurudi katikati kidole kikiachia.

Waya za kubeba ni habari nyingine. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 10, kwenda na kurudi mita 4. Kwa ampea 400 unapoteza karibu volti 2.8, na joto linalobaki ndani yake linapita wati 1,000: ni kama pasi ya nguo iliyowashwa chini ya boneti. Waya wa milimita 35 hupoteza volti 0.8 tu. Anayebana matumizi kwenye shaba atalipa kwa plastiki iliyoyeyuka.

Neno la pili ni masi, kutoka Kifaransa. Kwa taa, masi ni bodi ya gari: umeme unarudi kupitia chuma. Ukimwambia msaidizi «peleka kwenye masi», atakaza waya kwenye boliti yoyote iliyo karibu, na kwa taa atakuwa sahihi. Kwa winchi, waya wa kurudi uende mpaka kwenye ncha hasi ya betri yenyewe, kwa unene uleule wa waya wa kwenda. Afadhali kusema «rudisha kwenye betri» na kuliacha neno masi kando.

Swichi ya tatu ndiyo inayosahaulika. Betri ikichoka, rele hutetemeka, ncha zake huungua na zinaweza kushikana. Hapo unaachia kifungo, lakini winchi inaendelea kuvuta, huku kebo imekaza kwenye mti na mwenzako yuko karibu. Kuizima kunahitaji kile ambacho Wafaransa huita coupe-batterie. Mimi ningesema kikata-betri. Kiwe cha kubeba ampea zote za winchi, kiwe karibu na betri ili waya mrefu wa mbele ubaki bila umeme winchi isipotumika, na mkono ukifikie bila kuvuka kebo.

Winchi ijaribiwe kwanza bila mzigo, injini ikiwa inanguruma. Bonyeza upande wa kuvuta uone kama kebo inaingia kweli. Waya mbili ndogo za rele zikibadilishana, itatoka. Kisha, ngoma ikiwa bado inazunguka, kata betri. Isiposimama, kikata-betri kimefungwa mahali pasipo pake.