Wapimaji wa Mambo ya Kale Shambani: Wanapima Nini, na Ardhi Hubaki ya Nani?

Mkulima anapowakuta wageni shambani wakitembea kwa mistari iliyonyooka, kamba zimetandazwa na vigingi vimechomekwa, mawazo mawili humjia upesi: ama ardhi yake inapimwa ili itwaliwe, au wageni wanatafuta mali iliyofukiwa. Hofu hiyo inaeleweka, kwa maana shamba ndilo tegemeo la kaya. Hata hivyo, upimaji wa kiakiolojia haulengi lolote kati ya hayo mawili.

Kazi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kupima sura ya ardhi. Wataalamu huchukua vipimo vya urefu na umbali katika nukta nyingi, kisha huchora ramani inayoonyesha miinuko na mabonde madogo ambayo jicho haliyatambui. Tuta lililosawazishwa kwa jembe miaka mingi laweza kuwa msingi wa nyumba au ukuta wa kale.

Sehemu ya pili ni kuchunguza kilichomo ardhini bila kuchimba. Shamba hugawanywa katika miraba, kwa kawaida yenye mita 20 au 30 kila upande, na mpimaji hupita kila mraba mstari kwa mstari. Chombo kinachoitwa magnetomita husoma nguvu ya usumaku wa dunia. Katika ukanda huu nguvu hiyo ni zaidi ya nanotesla 30,000, ilhali jiko la kale huibadilisha kwa nanotesla chache tu. Udongo wenye chembe za chuma ukiunguzwa sana kisha ukapoa, hubaki na usumaku wake kwa karne nyingi. Kwa hiyo mafiga, tanuri na mavi ya chuma huonekana kama madoa kwenye picha. Ndiyo sababu mpimaji huvua mkanda wenye bizimu na kuweka funguo kando, na hukwepa uzio wa waya na mapaa ya bati.

Chombo kingine hupitisha mkondo mdogo wa umeme kati ya ncha zilizochomekwa udongoni. Ukuta wa mawe huuzuia mkondo huo. Shimo la kale lililojaa udongo wenye unyevu huupitisha kwa urahisi.

Wilayani Kilwa upimaji wa namna hii umefanyika Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, maeneo yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Songo Mnara ulikuwa mji wa mawe uliostawi kati ya karne ya 14 na ya 16. Ndani ya ukuta wake kuna viwanja vilivyodhaniwa kuwa vitupu. Vipimo vya usumaku, vikifuatwa na uchimbaji wa sehemu ndogo, vilionyesha kuwa upande mmoja palikuwa na nyumba za miti na udongo. Watu ambao nyumba zao hazikuacha magofu walirudi katika historia ya mji wao.

Ifahamike kwamba magnetomita haitambui dhahabu wala fedha, kwani madini hayo hayana usumaku wa kusomeka. Anayefuata vigingi usiku ili achimbe hapati utajiri. Anachofanya ni kuvuruga tabaka za udongo ambazo zikishavurugwa hazisomeki tena.

Kuhusu ardhi, upimaji huu hauweki bikoni, hauzai hati, wala haubadilishi umiliki. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haiwezi kuhamishwa kwa matumizi mengine bila kijiji kutaarifiwa na fidia kushughulikiwa. Hata hivyo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wa kiakiolojia hauruhusiwi bila leseni.

Wananchi wanashauriwa mambo manne. Kwanza, wageni wakifika, waombwe kuonyesha vibali vyao kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kuingia shambani. Pili, wakulima wakubaliane nao kuhusu wakati. Baada ya mavuno ndipo panapofaa, kwa kuwa mazao hayakanyagwi na vyombo hupita bila kizuizi. Tatu, waulize maana ya ramani iliyopatikana, na uongozi wa kijiji uombe nakala yake. Nne, jembe likigusa vigae vingi, mavi ya chuma au mawe yaliyopangwa, mkulima asiendelee kuchimba mahali hapo, bali atoe taarifa kwa mtendaji ili Idara ya Mambo ya Kale ijulishwe.

Mzee anayekumbuka mahali palipoitwa mjini zamani, ingawa leo pameota mihogo, ana taarifa ambayo chombo hakina. Chombo huonyesha kwamba kuna kitu ardhini. Mara nyingi jina la mahali hupatikana kwa mwenyeji.