Sugoi, Kijiji cha Mahindi na Maziwa

Msafiri atokaye Eldoret kwenda upande wa Turbo hukaribia Sugoi, kijiji kidogo katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu. Nchi ni ya baridi, mvua si haba, na wenyeji huishi kwa mahindi na maziwa.

Uwanda huu umepita mikononi mwa watu wengi. Zamani Wasirikwa walichunga ng'ombe humo, na mashimo ya mazizi yao yangali yaonekana mahali kadha wa kadha. Wakafuata Wamasai na Wanandi. Mwaka 1908 Makaburu walifika kwa magari ya ng'ombe kutoka Afrika ya Kusini, na serikali ya kikoloni ikawagawia walowezi mashamba yenye namba. Mji wa Eldoret ulianza katika shamba namba 64. Baada ya Uhuru wa 1963 Waafrika walinunua mengi ya mashamba hayo, wengine kwa kuchanga fedha.

Jina la Sugoi lilienea mbali mwaka 2022, William Ruto, mwenye nyumba huko, alipokuwa Rais wa tano wa Kenya. Walakini utajiri wa kijiji ni udongo wake. Basi, ndugu mkulima, ardhi iliyopatikana kwa taabu hivyo yafaa itunzwe: shamba likatwalo vipande kila kizazi, mwishowe halijazi hata gunia moja.