Pasipoti ya Ngozi: Namba Isipotee Machinjioni

Ng'ombe aliyesajiliwa huvaa namba yake sikioni. Siku achinjwapo sikio hukatwa likatupwa, na ngozi huondoka machinjioni ikiwa haina jina. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo, lakini kwa mfanyabiashara wa ngozi wa Ihumwa, mashariki mwa mji wa Dodoma, laweza kuamua kama mali yake itanunuliwa au itakataliwa.

Sababu ni kwamba wanunuzi wa mbali wameanza kudai historia ya kila bidhaa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kuanzisha pasipoti za bidhaa. Pasipoti hizo si vitabu, bali ni kumbukumbu zilizohifadhiwa katika kompyuta, ambazo mtu huzifungua kwa kusoma alama iliyobandikwa kwenye bidhaa yenyewe. Betri za magari ya umeme zimetangulia, nazo zimewekewa tarehe 18 Februari 2027. Sheria nyingine ya Umoja huo, ya mwaka 2023, inayohusu ukataji wa misitu, iliorodhesha ng'ombe na ngozi zao, ikataka ijulikane mnyama alilishwa mahali gani. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo, kiwanda kinachoshona viatu vya kuuzwa huko hakitangoji siku ya mwisho. Kitamwuliza mchuna ngozi mapema.

Tanzania ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010, na mwezi Juni 2025 kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu. Utambuzi wenyewe si jambo geni. Wafugaji wetu walikata masikio ya mifugo kwa mitindo ya koo zao, na baadaye wakatumia chapa ya moto. Chapa ilikuwa na ubaya wake: ilipopigwa ubavuni iliharibu sehemu iliyo bora kuliko zote katika ngozi, hata alama ya kumlinda ng'ombe ikapunguza thamani yake.

Hereni ya kielektroniki haina dosari hiyo, wala haina betri. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba na saketi ndogo. Kisomeo kikisogezwa karibu hutoa uga wa sumaku unaotetema mara 134,200 kwa sekunde, nao huzalisha umeme katika koili kwa kanuni ileile ya Faraday ifundishwayo shuleni. Umeme huo hafifu huiamsha saketi, nayo hujibu kwa kutaja namba yake. Katika mfumo wa kimataifa namba hiyo ina tarakimu 15: tatu za mwanzo ni za nchi, ambapo Tanzania ni 834, na 12 zilizobaki ni za mnyama. Nafasi ya namba ya mnyama ni biti 38, yaani 2 kwa kipeo cha 38, ambayo ni zaidi ya bilioni 274. Hapana hofu ya namba kuisha.

Basi teknolojia ya sikioni imekamilika. Mnyororo hukatikia kwenye kisu cha mchinjaji, na tena kwenye ghala.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wetu ana ngozi 60 zilizotiwa chumvi. Asili ya 59 anaijua. Moja aliinunua njiani bila kuuliza. Akizirundika pamoja bila alama, hawezi tena kuinyanyua hata moja akaapa kwamba aijua. Anachoweza kusema ni kwamba uwezekano ni 59 kwa 60, na mkaguzi hakuuliza uwezekano. Ngozi moja imezinyima pasipoti ngozi zote. Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani kwa punje 60 za maharage na mfuko mmoja.

Dawa yake haihitaji mitambo ya gharama. Kabla sikio halijatupwa, namba isomwe na iandikwe katika leja pamoja na tarehe, jina la machinjio na namba ya kibali cha kusafirisha mifugo. Kisha ngozi ipewe namba fupi ya ghala. Karatasi haifai kubandikwa, kwani chumvi na maji ya kiwandani huila. Watengenezaji wa ngozi hutumia nyundo yenye meno, ambayo hutoboa namba ukingoni, na matundu hayo hubaki hata baada ya ngozi kulowekwa katika chumvi za kromiamu ikawa ya buluu. Mahesabu nayo yawe ya idadi wala si ya kilo, maana ngozi mbichi ikiwambwa na kukauka hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Anayelinganisha kilo zilizoingia na zilizotoka atadhani ameibiwa. Ngozi ikipasuliwa vipande viwili, kila kipande kirithi namba ya mama na kuongezewa herufi yake.

Linabaki swali la gharama, nalo si la kisayansi tu. Wafugaji waliwahi kulalamikia bei ya hereni, na malalamiko hayo yana msingi: faida ya kumbukumbu huonekana kwanza dukani Ulaya, na kazi ya kuziandika huanzia zizini. Mwenye ng'ombe watano Ihumwa akitozwa sawasawa na mwenye elfu moja, atauza kwa mchuuzi asiyeuliza namba. Ngozi zake zitaingia katika rundo kama ile moja ya mfano wetu, na mwenye ghala aliyeandika leja yake kwa uaminifu ndiye atakayekataliwa mzigo.