Kovu Limekauka, Je, Ndani Kumepona? Kujitunza Baada ya Kuondolewa Uvimbe wa Ovari

  Leo tutazungumza juu ya mama aliyepasuliwa tumbo ili aondolewe uvimbe wa ovari. Siku za hospitalini tutazipitia kwa ufupi, kisha tukae zaidi nyumbani, kwa sababu nyumbani ndiko mama anakopona, na nyumbani ndiko makosa mengi hutokea.

Uvimbe wa ovari ni nini?

Kila mwanamke huzaliwa na ovari mbili, moja kila upande wa mfuko wa uzazi. Ovari si kubwa. Ukubwa wake unakaribia njugu iliyo ndani ya ganda. Kazi yake ni kutoa mayai ya uzazi na homoni za kike. Wakati mwingine kifuko chenye maji hutokea kwenye ovari. Vifuko vingi vya namna hii havina madhara, na hupotea vyenyewe baada ya hedhi mbili tatu. Daktari huamua kupasua ikiwa uvimbe ni mkubwa, unazidi kukua, unauma sana, umejisokota na kuzuia damu kufika kwenye ovari, umepasuka na kuvuja damu nyingi, au ikiwa picha ya altrasaundi imeonyesha jambo la kutiliwa shaka.

Huenda umesikia kwamba mama fulani alitolewa uvimbe wenye nywele, mafuta, hata meno, na majirani wakasema amerogwa. La hasha. Huo ni uvimbe unaoitwa dermoidi. Hutokana na chembe za ovari ambazo zina uwezo wa kutengeneza sehemu mbalimbali za mwili. Si uchawi, si mimba iliyoharibika, wala si kosa la mama.

Upasuaji hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupitia matundu madogo, daktari akitumia kamera. Ya pili ni kufungua tumbo kwa mkato mmoja, ama chini karibu na kinena, ama kutoka kitovuni kwenda chini. Mama wa matundu madogo hupona haraka zaidi, mara nyingi baada ya wiki mbili tatu. Mama aliyefunguliwa tumbo huhitaji wiki 6 hivi, na wengine zaidi. Leo nasema zaidi na huyu wa pili.

Siku za kwanza hospitalini

Mama akiamka kutoka kwenye usingizi wa dawa, atajikuta na dripu mkononi na pengine mpira wa mkojo. Asiogope, hivyo vitatolewa. Muuguzi atamtaka akae kitandani, asimame, kisha atembee hatua chache, mara nyingi siku hiyo hiyo au kesho yake. Wengi hudhani tunawatesa. Sivyo. Kutembea huzuia damu isigande kwenye miguu, huamsha matumbo yaliyolala, na pamoja na kuvuta pumzi ndefu huzuia ugonjwa wa mapafu. Ukitaka kukohoa, kucheka au kuinuka, shikilia mto au leso iliyokunjwa juu ya mshono. Maumivu yatapungua.

Usione haya muuguzi akikuuliza kama umetoa hewa. Hewa ikipita, tunajua matumbo yameanza kazi. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo anaweza pia kusikia maumivu begani. Hayo huletwa na hewa iliyotumiwa kupanua tumbo wakati wa upasuaji, na huisha baada ya siku chache.

Jambo nililojifunza

Sasa twende nyumbani. Nataka nikuambie kisa kimoja. Kuna mama niliyemhudumia baada ya upasuaji wa aina hii. Siku ya kuruhusiwa nilimwambia, kama tunavyowaambia wote, "Mama, usifanye kazi nzito." Akaitikia, akaenda. Nyuzi zilitolewa vizuri, na kovu likakauka, likapendeza. Wiki ya tatu akajiona mzima. Maji yalikuwa yameisha nyumbani, watoto wako shule, naye akajitwika mtungi wa lita 20. Alisikia kitu kama kimeachia ndani ya tumbo. Hakusema. Miezi michache baadaye alirudi na uvimbe juu ya kovu, unaotokeza kila anapokohoa. Ilikuwa ngiri, ambayo wengine huiita henia. Ikabidi apasuliwe tena.

Nilipomuuliza kwa nini alibeba maji, alinijibu, "Sista, ningemwachia nani?" Swali lake lilinikaa moyoni. Nilikuwa nimemwambia asifanye kazi nzito, lakini sikumuuliza ni nani atakayemfanyia. Tangu siku hiyo, kabla sijamruhusu mama aende, mimi huuliza: nani atateka maji? Nani atapasua kuni? Nani atambeba mtoto? Nawe ninakuuliza leo.

Nje kumekauka, ndani bado ni kubichi

Fikiria nyumba ya udongo iliyokandikwa wiki iliyopita. Ukigusa ukuta kwa nje, umekauka. Ukichokoa kidogo, ndani bado ni udongo mbichi. Ukiuegemeza mzigo mzito, utapasuka. Tumbo lililopasuliwa liko hivyo. Daktari hakukata ngozi peke yake. Chini ya ngozi kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna utando mgumu unaoshikilia misuli na matumbo yasitoke. Ngozi hushikana baada ya siku 7 hadi 14. Utando ule huchukua wiki nyingi kupata nguvu, na hata baada ya wiki 6 bado unaendelea kukomaa. Kwa hivyo usimpime mama kwa kuangalia kovu. Hesabu wiki.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na bado hujaupima mtungi wenyewe. Katika wiki 6 za kwanza, mama asiinue kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Mtungi wa lita 3 unatosha kuwa mwisho wake. Gunia la mahindi, karai la nguo zilizolowa maji, sufuria kubwa ya githeri, vyote hivyo viguswe na mtu mwingine.

Na mtoto mdogo je? Mtoto wa mwaka mmoja huzidi kilo hizo. Usimwinue kutoka chini. Keti, kisha mtu akupakatishe, au umwache apande mwenyewe. Kama unanyonyesha, endelea kunyonyesha, ila mwambie daktari mapema ili akuchagulie dawa zinazofaa.

Ratiba rahisi ya wiki sita

Wiki ya kwanza na ya pili, pumzika, lakini usilale kutwa. Tembea ndani ya nyumba na uani mara kadhaa kwa siku. Jioshe, vaa, kula mezani na wenzako. Ukitaka kuinuka kitandani, geuka ubavu kwanza, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mikono.

Wiki ya tatu na ya nne, unaweza kufanya kazi nyepesi kama kuchambua mboga, kukunja nguo, kupika chakula kidogo ukiwa umeketi. Ongeza mwendo wa kutembea kidogo kidogo. Ukichoka, simama.

Wiki ya tano na ya sita, ongeza kazi nyepesi, lakini jembe, shoka na mtungi mkubwa viache. Safari za bodaboda kwenye barabara mbovu ziepuke pia. Baada ya wiki 6, nenda kliniki ukaguliwe kabla ya kurudia kazi nzito.

Kidonda, dawa na chakula

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda. Usikiloweshe kwa siku 2 za kwanza. Baada ya hapo, ukiruhusiwa, kioshe taratibu kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kisha kikaushe kwa kitambaa safi bila kusugua. Usipake majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, kinyesi cha ng'ombe wala majani. Vaa nguo zisizobana. Uliza kabla hujaondoka hospitalini: nyuzi zangu ni za kutolewa au huyeyuka zenyewe? Kama ni za kutolewa, nitarudi lini?

Dawa za maumivu zimeze kama ulivyoandikiwa. Kwa mtu mzima, paracetamol ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na visizidi 8 kwa siku moja. Kabla ya kuongeza dawa nyingine ya dukani, muulize mfamasia, kwa maana dawa nyingi za homa na mafua zina paracetamol ndani yake. Kama umepewa antibiotiki, maliza dozi hata ukijisikia vizuri.

Chakula cha kujenga mwili hufunga kidonda: maharagwe, ndengu, mayai, omena, maziwa. Ongeza sukuma wiki, mchicha, mapapai na machungwa, na unywe maji ya kutosha. Choo kigumu hukufanya ujisukume, na kujisukuma huvuta mshono. Matunda, maji na kutembea ndiyo dawa yake ya kwanza.

Kwako baba wa nyumba, mama mkwe na wifi

Mama huyu si mvivu. Kwa wiki sita hizi, kazi zake zina wenyewe, nao ni nyinyi. Kaeni chini kabla ya siku ya upasuaji mgawane: huyu maji, yule kuni, yule kufua. Baba, tendo la ndoa lisubiri hadi mama akaguliwe, na kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Mkimwona analia bila sababu, msimkemee. Upasuaji huchosha mwili na moyo. Huzuni ikizidi wiki mbili, mleteni kliniki.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nitazaa tena? Mara nyingi daktari huondoa uvimbe na kuiacha ovari. Hata ikiondolewa ovari moja, ile iliyobaki huendelea kutoa mayai na homoni, na wanawake wengi hushika mimba. Zikiondolewa zote mbili, hedhi hukoma, na mama anaweza kupata joto la ghafla na kukosa usingizi. Usikae na maswali. Muulize daktari aliyekupasua ni nini hasa kilichotolewa, na ukiandike.

Usisahau majibu ya maabara. Uvimbe uliotolewa hupelekwa kupimwa. Mara nyingi si saratani, lakini ni majibu tu yatakayothibitisha. Wako wanaopona kovu wakasahau kuyachukua. Rudi siku uliyopangiwa.

Dalili za hatari

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Rudi hospitalini mara moja, hata kama ni usiku, ukiona:

- homa ya digrii 38 au zaidi;
- kidonda kina usaha, harufu, wekundu unaoenea, au kimefunguka;
- maumivu ya tumbo yanazidi badala ya kupungua;
- tumbo limevimba, unatapika, na huwezi kutoa hewa wala choo;
- unashindwa kukojoa;
- damu nyingi ukeni, inayojaza pedi moja kwa saa moja;
- mguu mmoja umevimba na unauma, hasa nyuma chini ya goti;
- kifua kinauma, pumzi ni fupi, au umezirai.

Usibaki nyumbani kwa kuogopa bili. Jiandikishe na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na uulize mapema ni huduma zipi zitakazolipiwa. Hifadhi pia nauli ya dharura na nambari ya simu ya mwenye gari aliye karibu.

Mama mpendwa, nakuachia kazi moja leo. Kabla ya kulala, chukua karatasi uandike maneno matatu: maji, kuni, mtoto. Mbele ya kila neno andika jina la mtu. Jina lako lisiwepo. Ukikosa jina, mwambie jirani, watu wa chama chenu au mhudumu wa afya ya jamii kijijini mwako. Kuomba msaada wa wiki sita si aibu, na ni rahisi kuliko kurudi kwenye meza ya upasuaji.