Leza ya rangi mbili na mahindi ya Busia na Malaba

Sima unayosonga jioni hapa Pwani huenda ilitoka mbali kuliko unavyodhani. Mahindi mengi ya Uganda huingia Kenya kupitia Busia na Malaba, kisha husambaa masokoni kote.

Mwezi wa Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile iitwayo aflatoksini. Siku chache baadaye mlango ukafunguliwa kwa masharti: kila shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Si hofu ya bure. Mwaka 2004, sumu hiyo iliwaugusha watu 317 nchini, wengi wao Ukambani, na 125 wakafariki.

Kuvu hupenda unyevu. Ndiyo maana kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Lakini unyevu hupimwaje? Hutiwa bambo kwenye magunia machache, zikatolewa punje, zikapimwa. Magunia mengine hupita kwa dhana njema. Waislamu twaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni, vidole vikatoka na maji. Juu pakavu, chini pamelowa: hila hiyo ni ya zamani.

Sasa wanasayansi wana wimbi linaloweza kuwa mkono wa namna hiyo. Laitwa wimbi la terahezi, na hutetema mara trilioni kwa sekunde. Liko kati ya mawimbi ya simu na ule mwanga usioonekana wa rimoti ya televisheni. Hupenya karatasi, plastiki na kitambaa kikavu, lakini maji hulimeza. Penye unyevu, wimbi hutoka upande wa pili limedhoofika, na kudhoofika huko ndiko kipimo. Tena halina nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei.

Shida imekuwa kulizalisha. Saketi za kawaida za umeme haziwahi kasi hiyo, na leza za kawaida hutetema kwa kasi mno. Dawa yake mpiga udi wa taarab ataielewa upesi. Nyuzi za udi huenda mbili mbili. Zikipishana kidogo tu, sauti huvuma na kufifia, huvuma na kufifia. Ukikaza uzi mmoja zikakaribiana, mvumo hupungua kasi, zikilingana, hutoweka. Mvumo ule si wa uzi huu wala ule. Umezaliwa na tofauti yao.

Mwanga nao ni vivyo hivyo. Leza ya nanomita 1550 hutetema mara trilioni 193.4 hivi kwa sekunde, na ya nanomita 1558 mara trilioni 192.4. Zichanganye, na tofauti ni karibu trilioni 1, yaani terahezi 1. Mchanganyiko huo humulikwa kwenye kipande kidogo cha semikondakta chenye umeme na antena ndogo. Umeme hupanda na kushuka kwa kufuata mvumo, na antena ikatoa wimbi.

Ukitumia leza mbili mbalimbali, kila moja hupotoka kivyake kwa joto na mtikisiko, na tofauti yao hubadilikabadilika. Ndipo wakabuni leza moja itoayo rangi zote mbili. Ikitikiswa, zote hutikisika pamoja, na tofauti hutulia zaidi. Nafasi kati ya rangi hizo yaweza kurekebishwa: iwe nanomita 4 badala ya 8, unapata nusu terahezi. Mwanga wa nanomita 1550 si mgeni kwetu. Ndio upitao katika nyaya za baharini kama SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka 2009, kwa hiyo vipuri vyake vingi viko tayari sokoni.

Lakini usione vyaelea, vimeundwa, na kila chombo kina bahari yake. Wimbi hili halipiti chuma, basi lori la kontena litabaki kazi ya eksirei. Gunia zima la mahindi nalo ni nene mno. Punje zipite kwa tabaka jembamba, mathalani kwenye mkanda. Wala tusidanganyane kuhusu sumu yenyewe. Sehemu 10 kwa bilioni ni gramu 1 katika tani 100. Kuipata kunahitaji kipimo chake maalumu. Na mahindi yaliyolowa, yakaota kuvu, kisha yakaanikwa, yatasomeka makavu ilhali sumu ingalimo.

Kwa hiyo atakayekuja mpakani kuuza mashine ya leza inayosafisha mahindi kwa sekunde moja, aulizwe: hupima unyevu au hupima sumu? Mahali pake pa haki ni ghalani, kabla mzigo haujapakiwa, ambapo mahindi mabichi bado yaweza kurudishwa kwenye turubai juani. Yakishafika Busia au Malaba tayari yameoza, mama mchuuzi hupoteza mtaji wake, nasi huku tunabaki kuomba kwamba bambo liliingia gunia lililo sawa.