Chichen Itza: Jua ndilo hatari ya kwanza, kisima ni ya pili

WATALII wanaofika ufuo wa Cancun nchini Mexico, na siku hizi miongoni mwao wamo Wakenya wanaoishi Marekani na Canada, huuziwa safari moja karibu katika kila hoteli. Ni safari ya siku moja ya kuzuru magofu ya Wamaya na kisha kuogelea katika visima vya asili, ambavyo wenyeji huviita senote.

Safari hiyo ni nzuri na anayeipata asiikose. Hata hivyo, ni siku inayouchosha mwili kuliko wengi wanavyodhani, na chanzo cha matatizo mara nyingi ni jinsi saa za siku hiyo zinavyopangwa.

Kutoka Cancun hadi Chichen Itza ni karibu kilomita 200. Basi likiondoka alfajiri na kwenda moja kwa moja, abiria hufika wakati lango linafunguliwa saa mbili asubuhi. Lakini mabasi mengi huzunguka hoteli baada ya hoteli yakiokota abiria, kisha husimama kwenye duka la vinyago na vito, kisha chakula cha mchana. Mwishowe kundi hufikishwa kwenye magofu saa sita au saa saba, jua likiwa utosini.

Hapo ndipo taabu huanza. Uwanja unaoizunguka piramidi kubwa ya Kukulkan ni nyasi tupu. Miti iko pembeni, na vivuli vingi vimeshikwa na wachuuzi. Mwezi wa Aprili na Mei joto hupita nyuzi 35, na kuna siku hufika 40. Isitoshe, hewa ya huko ina unyevu mwingi. Jasho huupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Likitiririka hadi chini bila kukauka, mtu hupoteza maji na chumvi bure, na mwili unazidi kupata moto.

Mkenya akielezwa haya hucheka na kusema yeye ni mtoto wa jua. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi hustahimili miale ya jua kuliko ngozi nyeupe, lakini haizuii joto kuingia mwilini. Halafu kuna Wakenya na Wakenya. Mtu wa Lodwar au Mombasa amezoea. Wa Nairobi anaishi mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo watu huvaa sweta mwezi wa Julai, na yule anayetoka Boston au Toronto wakati wa baridi ndiye hajui joto kabisa. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto jipya, na mtalii huwa amefika juzi.

Dalili za kwanza za kuzidiwa na joto ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, misuli ya miguu kukaza, kichefuchefu na jasho jingi. Mtu wa namna hiyo apelekwe kivulini, alegezwe nguo, anyweshwe maji kidogo kidogo na kupepewa. Kwa kawaida atapata nafuu.

Hali inayoua ni ile ya joto la mwili kupita nyuzi 40. Mgonjwa huanza kuropokwa, hajui alipo, anayumba kama mlevi au anazimia. Usimngoje apate nafuu, na usimnyweshe kitu ikiwa hana fahamu. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, weka barafu kwapani na shingoni ikiwa ipo, na uagize gari la wagonjwa wakati huo huo. Nambari ya dharura nchini Mexico ni 911.

Wazee, watoto wadogo, akina mama waja wazito na wenye ugonjwa wa moyo au kisukari ndio walio hatarini zaidi. Wanaomeza tembe za shinikizo la damu zile zinazoongeza mkojo wanapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kusafiri, kwani dawa hizo hupunguza maji mwilini hata bila jua. Wasiziache kwa kujiamulia.

Kwa hiyo ushauri mkubwa wa ukurasa huu ni mmoja: ikiwa unaweza kuchagua, chagua safari inayoanzia magofuni asubuhi na kuishia kisimani mchana. Uliza swali hilo kabla ya kulipa. Mwenye kuuza tikiti atakuambia juu ya chakula cha bure na kiyoyozi cha basi. Wewe muulize tu, "Tutafika langoni saa ngapi?"

Anayefika mapema huona mengi kwa raha. Piramidi hiyo ina urefu wa mita 30 hivi pamoja na hekalu lililo juu yake. Kila upande kati ya pande nne una ngazi 91, na ukiongeza kidato cha mwisho cha juu unapata 365, hesabu ya siku za mwaka. Ukisimama chini ya ngazi na kupiga kofi, mwangwi unaorudi hulia kama ndege. Watoto hawachoki na mchezo huo, wala watu wazima.

Kuipanda hakuruhusiwi. Mwaka wa 2006 mtalii mmoja aliteleza kwenye ngazi hizo akaanguka na kufa, na marufuku yamekaa tangu wakati huo. Kuna wanaolalamika kwamba wamenyimwa picha nzuri. Mwenye kuzitazama ngazi zile jinsi zilivyosimama wima hatalalamika sana.

Karibu na hapo kuna uwanja wa mpira wa kale wenye urefu wa mita 168, mkubwa kuliko uwanja wa kandanda wa leo. Kisha njia ya mawe ya kama mita 300 huelekea kaskazini hadi kwenye Kisima Kitakatifu, shimo la duara lenye upana wa mita 60 na kuta zinazoshuka wima hadi kwenye maji ya kijani. Hapa haogelei mtu.

Jina lenyewe la Chichen Itza lina maana ya mdomo wa kisima cha Waitza, na si jina la bure. Rasi ya Yucatan karibu haina mito. Ardhi yake ni mawe ya chokaa yenye matundu, na mvua ikinyesha maji huzama moja kwa moja hadi kwenye mapango ya chini. Dari la pango likiporomoka, shimo hubaki wazi na maji huonekana. Hiyo ndiyo senote. Bila mashimo hayo mji haungekuwapo, na mvua iliposhindwa watu walimwomba Chaac, mungu wa mvua, kwa kutupa sadaka kisimani.

Kuanzia mwaka wa 1904, Mmarekani Edward Thompson alichimbua tope la kisima hicho kwa mashine akatoa dhahabu, vito vya kijani, ubani na mifupa ya wanaume, wanawake na watoto. Vingi vya vitu hivyo vilipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard.

Waongoza watalii hupenda kusimulia juu ya mabikira waliotupwa majini. Ukweli una uzito zaidi. Mwaka wa 2024 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya watoto 64 yaliyopatikana katika shimo la chini ya ardhi karibu na kisima hicho. Wote walikuwa wavulana. Angalau robo yao walikuwa ndugu wa karibu, na kulikuwa na mapacha wa kufanana.

Uchunguzi huo huo una sehemu inayohusu afya. Jeni za kinga ya mwili za watoto hao zililinganishwa na za Wamaya wanaoishi katika eneo hilo leo, na tofauti iliyopatikana inaonyesha kwamba tauni iliyoenea Mexico mwaka wa 1545, baada ya kuja kwa Wahispania, iliacha alama. Wanasayansi wanaihusisha tauni hiyo na kijidudu cha jamii ya Salmonella, ndugu wa kile kinacholeta homa ya matumbo. Waliokuwa na aina fulani ya kinga walinusurika, wakazaa. Wamaya, basi, hawakutoweka kama vitabu vingine vinavyodai. Huenda ndio wanaokuuzia maji langoni, na wakizungumza wenyewe kwa wenyewe utasikia Kimaya.

Baada ya magofu, basi huenda kwenye senote ya kuogelea. Inayotembelewa sana ni Ik Kil, kilomita chache tu kutoka hapo. Unateremka ngazi zilizochongwa mwambani hadi kwenye maji yaliyo mita 26 chini ya ardhi. Mizizi mirefu ya miti huning'inia kutoka juu. Ni mahali pazuri ajabu, na mtu aliyechomwa na jua tangu asubuhi hutaka kujitupa mara moja.

Asijitupe. Maji ya senote hukaa kwenye nyuzi 24 au 25 mwaka mzima. Si barafu, lakini kwa mwili uliopata moto ni mabadiliko makubwa. Anayeruka ghafla huweza kuvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na pumzi hiyo ikiwa chini ya maji, anameza. Mapigo ya moyo pia hupanda kwa ghafla, jambo ambalo si la mchezo kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Kaa kivulini dakika kumi na tano, kunywa maji, pitia bafuni, kisha ingia polepole ukishika kamba au ngazi.

Jambo la pili ni kina. Ik Kil ina kina kirefu sana. Hakuna ufuo wala upande wa maji mafupi. Hatua moja kutoka kwenye ngazi, miguu haigusi kitu. Aidha, haya ni maji baridi yasiyo na chumvi, hivyo hayambebi mtu kama bahari. Aliyezoea kuelea Nyali au Diani atashangaa jinsi anavyozama huku. Senote nyingi siku hizi humlazimisha kila mgeni kuvaa jaketi la kuokoa maisha, na hata pasipo na amri hiyo, livae. La mtoto liwe la kipimo chake na lifungwe hadi mkanda wa chini, la sivyo litapanda hadi masikioni na yeye atazama.

Pombe ndiyo isiyozungumzwa. Safari nyingi hutoa bia au tekila wakati wa chakula, tena bure, na kisima hufuata. Nani amewahi kuona mlevi anayejua kwamba amelewa? Kinywaji kisubiri mpaka nguo zimekauka.

Kuhusu bafu, usilione kuwa usumbufu. Mgeni hutakiwa kuoga kabla ya kuingia na kutojipaka mafuta ya kujikinga na jua wala dawa ya kufukuza mbu. Maji unayoyaona shimoni ndiyo yanayopita chini ya vijiji na miji ya rasi nzima, na ndiyo yanayovutwa kwa pampu kwa matumizi ya watu. Mawe yale hayachuji kitu. Watafiti tayari wamepata ndani ya maji hayo mabaki ya dawa za hospitalini, vipodozi na dawa za kuua magugu. Wakazi wa pwani yetu wenye visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, jirani na vyoo vya shimo, wanaelewa vizuri jambo hili. Jikinge na jua kwa kofia pana na shati la mikono mirefu, tena hayo hayahitaji kupakwa upya.

Kwa sababu hiyo hiyo, usinywe maji ya senote hata yakiwa safi kama kioo, na usiyameze ukiogelea. Kunywa ya chupa iliyofungwa. Tumbo likiharibika, tumia pakiti za ORS, au changanya vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Mwenye kidonda kibichi au sikio linalouma asiogelee.

Mbu wa Yucatan wanaosumbua zaidi ni wale wanaouma mchana na kuleta homa ya dengue. Jipake dawa ya mbu unaporudi kwenye basi, baada ya kuogelea. Ukipatwa na homa na maumivu ya viungo, tumia paracetamol na uepuke aspirini na ibuprofen mpaka daktari ahakikishe si dengue, kwa kuwa dawa hizo mbili huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Waliopelekwa kwenye senote iliyo ndani ya pango lenye popo wakumbuke pia kwamba vumbi la kinyesi cha popo huweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Kikohozi na homa vikianza ndani ya wiki tatu baada ya kurudi, usikubali kuandikiwa tu dawa ya malaria bila kupimwa. Mweleze daktari kwamba ulikuwa Mexico, uliogelea kisimani na uliingia pangoni, na umtajie tarehe.