Sahani Nyeupe na Sentensi ya Kwanza

Insha aliyoiandika msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe na binti wa mvuvi, katika chuo kimoja cha mji wa Mwanza, ilianza kwa sentensi fupi isiyo na chembe ya shaka: Sangara amewamaliza furu wa ziwa letu. Aliiandika kwa Kiingereza, kama ilivyo kanuni ya vyuo vyetu, nami naifasiri. Mwalimu wake wa stadi za mawasiliano, somo ambalo wanafunzi aghalabu hulihesabu kuwa ni ushuru wa kulipa mlangoni kabla ya masomo yenyewe kuanza, hakugusa sarufi, maana haikuwa na kosa, aliandika pembeni kwa penseli neno moja tu, "Umejuaje?", akamrudishia karatasi yake.

"Kila mtu anajua, mwalimu," alijibu yule binti.

"Basi kaniandikie huyo kila mtu alijuaje."

Nilikuwapo siku hiyo, nimeketi nyuma kama mgeni, na nakiri kwamba hata mimi ningalijibu vile vile. Kwani ni nani aliyekulia kandokando ya ziwa hili asiyeijua habari ya sangara? Walakini sentensi ile, ukiitazama kama mvuvi atazamavyo wavu uliorudi mtupu, ina tundu karibu katika kila neno. Ni kweli kwamba sangara si mwenyeji wa ziwa hili, bali alitiwa majini upande wa Uganda katika miaka ya 1950, akakaa miaka mingi pasipo kuvuma sana, kisha akafurika katika Ghuba ya Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni kweli pia kwamba furu, wale samaki wadogo ambao aina zao katika ziwa hili zilikadiriwa kupita 500, walipungua wakati huo huo kwa kiasi cha kuogofya. Wataalamu wa chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliopiga kambi Mwanza tangu mwaka 1977 ili kuwahesabu na kuwapambanua, walijikuta wakiandika khatima ya aina nyingine kabla hawajazipa hata jina. Lakini nyavu za kukokota zilikuwa zimekwisha kuanza kuwapunguza furu katika ghuba hiyo hiyo miaka ya 1970, kabla sangara hajatamalaki. Na maji nayo yalikuwa yakibadilika, kwa kuwa udongo, mbolea na taka zilizoletwa na mito zililisha mwani, na mwani ulipokufa na kuoza ukala hewa ya oksijeni iliyokuwa chini ziwani. Juu ya hayo, sangara alipovuliwa kwa wingi ili kulisha viwanda vya minofu, baadhi ya furu walirudi kuonekana katika miaka ya 1990.

Basi tazama. "Sangara" peke yake? "Amewamaliza", ilhali wengine wamerejea? "Wa ziwa letu", ilhali sehemu kubwa ya hesabu zinazojulikana sana zilifanywa katika ghuba moja? Binti yule alikuwa na maarifa, tena mengi kuliko mimi. Alichokosa ni mahali pa kuyasimamisha yatazamane.

Wanazuoni wawili wa Kanada, Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, walieleza tofauti hii katika kitabu walichokitoa mwaka 1987. Mwandishi mchanga, wasema, akiulizwa jambo hulitafuta kumbukumbuni, akatoa la kwanza lililomjia, kisha la pili lililovutwa na la kwanza, hata mtungi ukaisha, naye akaweka nukta. Mwandishi mpevu hugombana na maneno yake: akiona hoja haikai vizuri katika sentensi, haridhiki kuipamba sentensi, bali huirudia hoja yenyewe akaihoji kama ni kweli, na mara nyingi huinuka mezani akiamini jambo ambalo hakuliamini alipoketi. Hapo ndipo kuandika kunapoacha kuwa uchukuzi wa fikira zilizokwisha kuivishwa, kukawa ndiyo jiko lenyewe.

Kwa nini basi wengi wetu hukwama katika daraja ile ya kwanza? Sababu moja ni ufinyu wa nafasi. Akili ifanyapo kazi ina ubao mdogo mno wa kuwekea mambo; Nelson Cowan, katika makala aliyoitoa mwaka 2001, alikadiria kwamba yanayoweza kukaa juu yake kwa wakati mmoja ni takriban manne. Sasa mchukue mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akahamishiwa Kiingereza alipoingia kidato cha kwanza, na nyumbani akasema Kikerewe au Kisukuma: anapoandika insha ya chuo, tahajia inashika nafasi, nyakati za vitenzi zinashika nafasi, na hofu ya kuchekwa nayo haikosi kiti. Hoja ndiyo inayodondoka. Wakubwa husoma karatasi ile wakasema kijana hawezi kufikiri, nami naona hukumu hiyo ni dhuluma, maana hakupewa mahali pa kufikiria.

Mwalimu yule alikuwa na dawa ambayo wenzake wengine, nilivyosikia, hawaipendi: rasimu ya kwanza aliruhusu iandikwe kwa lugha yoyote, hata Kikerewe, na Kiingereza kingoje. Kwa mtu wa Ukerewe hili si jambo geni. Aniceti Kitereza wa kisiwa hicho hicho aliimaliza riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980.

Kisha mwalimu yule akawasimulia wanafunzi habari ya Erasto Mpemba, ambayo ningependa kila mwaka wa kwanza aisikie. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, Mpemba aliona maziwa yake ya moto ya kutengenezea aiskrimu yakiganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Aliuliza, akaambiwa amekosea. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu aliyekuja kuwatembelea; na jinsi alivyoliunda swali lake ndiyo maana naitaja habari hii. Hakuuliza kwa nini maji ya moto huganda upesi. Aliuliza juu ya vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji kiasi kile kile, kimoja nyuzijoto 35 na kingine 100, vikitiwa pamoja katika friza. Wenzake walicheka, lakini swali la namna hiyo mtu anaweza kwenda nalo maabara, na ndivyo Osborne alivyofanya. Makala yao wawili ilitoka mwaka 1969. Hata leo wanasayansi hawajaafikiana kama jambo lenyewe hutokea daima, lakini wanaloligombania wanalijua bayana.

Rasimu ya pili ya binti yule ilisema kwamba furu wamepungua kwa sababu ya sangara "na maji machafu". Penseli ikapita chini ya neno machafu. Machafu kiasi gani?

Jumamosi asubuhi tulikuwa ndani ya mtumbwi. Chombo cha kupimia uangavu wa maji ni sahani nyeupe iliyofungwa kamba, mithili ya ile ambayo padre na mwanafalaki Angelo Secchi aliizamisha katika bahari ya Mediteranea mwaka 1865: unaishusha hata itoweke machoni, unaipandisha hata ionekane tena, na kati ya vina hivyo viwili ndipo ulipo uangavu wa maji. Ni kipimo duni kwa sura, lakini katika ziwa hili kina habari nzito. Ole Seehausen na wenzake, katika jarida la Science mwaka 1997, walionyesha kwamba furu jike humchagua dume kwa rangi, na kwamba maji yakiwa na giza uchaguzi huo huvurugika. Karibu na kisiwa cha Makobe, ambako sahani huonekana hata kupita mita mbili, furu mwekundu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, na jamaa yake wa buluu hukaa kila mmoja na aila yake. Kule Luanso, ambako uangavu ni kama nusu mita tu, aina mbili hazipambanuki, wamebaki samaki wa rangi za katikati. Hakuna aliyewala. Wamechanganyika tu, kwa kutoonana.

Binti alisoma jambo hilo mara mbili katika karatasi alizopewa, kisha akauliza polepole kama hao nao wahesabiwe "wamemalizwa". Mwalimu hakujibu, alimpa kamba.

Kamba ilikuwa na mafundo, kila sentimita kumi fundo moja. Aliishusha sahani, ikawa kijani, ikawa kivuli, ikapotea baada ya fundo la kumi na moja, akaandika. Mwenzake, aliyeambiwa afumbe macho wakati ule, alipopewa zamu aliipoteza baada ya la kumi na tatu. Wakabishana kidogo, mtumbwi ukayumba, mpiga kasia akawaomba wakae. Binti alitazama juu, akatazama daftari, na badala ya kufuta chochote akaandika hesabu zote mbili, kisha akaongeza pembeni kwamba alipopima yeye wingu lilikuwa limefunika jua.